Kebo ya Projekta: Tarakimu Zisomeke Hadi Benchi la Nyuma

Mazungumzo kwa makarani wa wadi, walimu, viongozi wa vikundi na wakaazi wanaotumia projekta ofisini, ukumbini na nyumbani



Kila mwaka, kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa yawe yamefikishwa katika Bunge la Kaunti, kwa kuwa mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 196, inalitaka Bunge la Kaunti kuwezesha umma kushiriki katika kazi zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 87, inataja kupata habari na stakabadhi kwa wakati unaofaa kuwa msingi wa ushiriki huo. Siku hizi sehemu kubwa ya habari hizo huonyeshwa ukutani kwa projekta. Mwananchi aliyeacha shamba lake au duka lake akaja mkutanoni, akaketi benchi la nyuma na kuona ukungu mahali palipoandikwa pesa za zahanati ya kwao, bado hajapewa habari yoyote. Ameonyeshwa mwanga tu.

Watu wakiona ukungu huo huilaumu projekta. Husema imezeeka, taa imechoka, inunuliwe nyingine. Mara nyingi projekta haina hatia. Tatizo limo katika kebo inayotoka kwenye kompyuta, au katika kifaa kidogo cha kugeuzia kilichochomekwa katikati, au katika namna kompyuta ilivyopangwa kutuma picha. Hilo ni jambo la kutengenezwa kwa pesa kidogo, na pengine bila pesa kabisa.

Anayetaka kununua kebo aanze kwa kutazama matundu. Atazame nyuma ya projekta, kisha ubavuni mwa laptopu, au kipakatalishi kama wanafunzi wanavyofundishwa kukiita. Apige picha pande zote mbili kwa simu aende nayo dukani. Muuzaji akiulizwa "nipe kebo ya projekta" atatoa aliyonayo karibu. Akionyeshwa picha atatoa inayofaa.

Tundu la zamani zaidi ambalo bado limejaa katika kumbi za hapa ni lile lenye matundu madogo 15 katika safu tatu, ambalo mara nyingi huwa la rangi ya samawati na lina skrubu mbili pembeni. Linaitwa VGA. Kampuni ya IBM ililileta mwaka 1987 pamoja na kompyuta zake za PS/2, na halijafa hadi leo. Wapo wanaolidharau bure. VGA hupeleka picha kwa mkondo wa analojia, yaani umeme unaopanda na kushuka kufuata mwangaza wa kila nukta, huku nyekundu, kijani na samawati zikipita kila moja katika waya wake. Kwa projekta nyingi za ofisini zenye nukta 1024 kwa 768, kebo fupi ya VGA iliyo nene na nzima hutoa maandishi safi kabisa. Karani mwenye projekta ya namna hiyo, laptopu yenye tundu la VGA na meza iliyo karibu hana haja ya kununua chochote.

VGA huharibika kwa urefu na kwa wembamba. Kebo inayokuja ndani ya boksi la projekta huwa fupi, kama mita moja na nusu au mbili. Mtu akiunganisha nyingine mbili tatu ili afike nyuma ya ukumbi, mkondo unachoka njiani. Herufi nyeusi huanza kuwa na kivuli upande wa kulia, mistari membamba ya jedwali hutoweka, na 3, 6 na 8 hufanana. Katika sinema kivuli hicho hakionekani. Katika jedwali la bajeti, shilingi milioni 3 na shilingi milioni 8 ni vitu viwili tofauti sana. Pia pini moja ikipinda, rangi moja hupotea, na ukumbi mzima hugeuka wa manjano au wa zambarau. Kabla ya kumwita fundi, chomoa kichwa cha kebo utazame pini kwa tochi ya simu. Ikumbukwe kwamba baadhi ya kebo hutoka kiwandani zikiwa na pini moja iliyoachwa makusudi, kwa hiyo nafasi moja tupu bila alama ya kuvunjika si ajabu.

Kuna kitufe kwenye rimoti au juu ya projekta kilichoandikwa "Auto". Picha ya VGA ikitetemeka au ikikaa upande, kibonyezwe mara moja na projekta itajipanga upya kufuata mkondo. Watu wengi hawajawahi kukigusa.

VGA haibebi sauti. Anayeonyesha video ya mafunzo kwa VGA atahitaji waya mwingine wa sauti, kutoka tundu la vifaa vya masikioni hadi kwenye spika. Si hasara kubwa, kwani spika ya ndani ya projekta haitoshi hata kwa darasa la watoto 20.

Lile tundu la mviringo la manjano, linaloambatana na mekundu na meupe ya sauti, wengi huliita AV. Ndilo lililotumika kwa mikanda ya video, kisha DVD, na bado lipo nyuma ya dikoda nyingi zilizoingia nyumbani wakati Kenya ilipohama kutoka matangazo ya analojia kwenda ya dijitali mwaka 2015. Waya mmoja wa manjano hubeba mwangaza na rangi zote zikiwa zimechanganywa, na picha yenyewe ina mistari 576 tu. Kwa mpira au sinema ya Jumamosi jioni inatosha, hasa watazamaji wakiwa mbali na ukuta. Kwa maandishi haifai hata kidogo, na hakuna kebo ya bei yoyote itakayoifanya ifae. Dikoda yenye AV na HDMI iunganishwe kwa HDMI.

HDMI sasa ndiyo njia ya kawaida. Tundu lake ni bapa, limekatwa pembe mbili za chini, na toleo lake la kwanza lilitoka mwishoni mwa mwaka 2002. Hupeleka picha na sauti katika kebo moja, kwa mfumo wa dijitali, yaani kwa hesabu badala ya umeme unaopanda na kushuka. Hesabu hizo zikifika, zimefika. Kwa sababu hiyo, kebo ya HDMI ya bei ghali haifanyi picha iwe kali kuliko ya bei nafuu iliyo nzima ya urefu huohuo. Muuzaji akisema hii ya dhahabu inaongeza rangi, asikilizwe kwa adabu, kisha inunuliwe ile nyingine. Dhahabu kwenye ncha ina kazi yake, nayo ni kuzuia kutu, jambo la maana kwa watu wa pwani wenye hewa ya chumvi. Rangi haimo.

Kebo ya HDMI inaposhindwa haitoi kivuli kama VGA. Huonyesha nukta nyeupe zinazometameta kama chawa, au picha hukatika sekunde moja ikarudi, au hakuna kitu kabisa. Ukiona hivyo, kebo ni ndefu mno, imevunjika ndani, au haikuingia vizuri. Kichwa cha HDMI hakina skrubu, hivyo mtoto akipita akaigusa, mkutano umesimama.

Namba za matoleo zilizoandikwa kwenye maboksi, 1.4, 2.0, 2.1, huwatisha wanunuzi bila sababu. Toleo la 1.4 la mwaka 2009 linabeba picha ya nukta 1920 kwa 1080 bila shida. La 2.0 la mwaka 2013 liliongezwa nguvu ili libebe picha ya 4K kwa mwendo wa picha 60 kila sekunde. Projekta ya ukumbi wa wadi haina nukta za 4K. Kuinunulia kebo ya 2.1 ni kama kujenga barabara ya njia nane kwenda kwenye zizi la mbuzi.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye nukta zenyewe, kwa kuwa ndiko pesa nyingi hupotelea. Projekta ina idadi yake halisi ya nukta, ambayo boksi huiita "Native". Nyingine ina 800 kwa 600, nyingine 1024 kwa 768, nyingine 1280 kwa 800, na zilizo bora 1920 kwa 1080. Boksi la projekta ndogo ya bei ya chini huandikwa kwa herufi kubwa "1080p Supported". Maana yake ni kwamba inakubali kupokea picha ya ukubwa huo, kisha inaibana iingie katika nukta chache ilizo nazo. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Projekta ya 800 kwa 600 ina nukta 480,000. Zaidi ya robo tatu zimetupwa, na zinazotupwa kwanza ni miguu ya herufi na mikunjo ya tarakimu. Kikundi kinachochanga pesa za projekta kisome neno hilo "Native" kabla ya kulipa, maana hakuna kebo itakayorudisha nukta ambazo hazimo.

Kwa projekta iliyopo tayari, dawa ni bure. Fungua mpangilio wa skrini katika kompyuta, uchague idadi ya nukta inayolingana na ile halisi ya projekta. Kisha jedwali la bajeti likuzwe, lionyeshwe safu nne au tano kwa wakati mmoja, badala ya kubandika safu 20 ukutani na kusema "kama mnavyoona". Hawaoni.

Sasa vigeuzi. Laptopu mpya nyingi hazina VGA, na projekta nyingi za kumbi zina VGA peke yake, au tundu lao la HDMI limeshavunjika. Kati yao huhitajika kigeuzi, na hapo ndipo makosa ya ununuzi yanapotokea zaidi.

La kwanza kujua ni kwamba kigeuzi kina upande. Kinachotoka HDMI kwenda VGA hakirudi nyuma. Laptopu mpya na projekta ya zamani vinahitaji HDMI kwenda VGA. Kompyuta ya zamani na projekta mpya vinahitaji VGA kwenda HDMI, ambacho ni kifaa kingine kabisa hata kama kwa macho vinafanana. Dukani useme kwa maneno: picha inatoka kwenye HDMI ya laptopu, inaingia kwenye VGA ya projekta.

La pili, kebo tupu yenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili, isiyo na saketi ndani, haifanyi kazi kwa laptopu za kawaida. Dijitali haigeuki analojia kwa kupita kwenye shaba. Lazima kuwe na kifaa chenye saketi ndani, na kwa kawaida utaona kichwa kinene au kiboksi kidogo. Kinachofaa kina tundu la sauti pembeni, maana sauti iliyokuja na HDMI haiwezi kuendelea ndani ya VGA. Chenye tundu dogo la kuongezewa umeme kwa USB ni bora zaidi, kwa sababu baadhi ya laptopu hutoa umeme hafifu mno kwenye HDMI na picha huzima kila dakika chache.

La tatu huwakuta wenye dikoda. Matangazo ya kulipia na sinema nyingi zina kufuli ya kuzuia kunakiliwa, iitwayo HDCP, na VGA haina ufunguo wake. Ndiyo maana karatasi za ofisini huonekana vizuri kupitia kigeuzi, lakini mpira ukiwekwa ukuta unakuwa mweusi. Kigeuzi hakijaharibika. Projekta yenye HDMI yake yenyewe ndiyo njia ya halali.

Laptopu nyembamba za siku hizi zina tundu dogo la mviringo liitwalo USB-C, na nyingine halina zaidi. Tundu hilo lina hila, kwani umbo ni moja lakini kazi ni nyingi. Katika kompyuta moja hutoa picha, katika nyingine linachaji na kupeleka faili tu. Tafuta pembeni yake alama ya herufi D na P zilizounganishwa, au alama ya radi ya Thunderbolt. Zisipokuwepo, soma kitabu cha kompyuta kabla ya kununua adapta. Simu nazo ni hivyohivyo. Nyingi za bei nafuu zina USB-C isiyotoa picha kabisa, na adapta inayouzwa mtaani kwa kusema "inaingia simu yoyote" itaingia kweli, isitoe kitu. Ijaribiwe palepale dukani.

Umbali ndio unaosumbua kumbi za kijamii kuliko jambo lolote. Projekta imefungwa darini katikati ya ukumbi, msemaji yuko jukwaani. Kwa picha ya 1080p, kebo ya kawaida ya HDMI hufanya kazi vizuri hadi mita 5, na nyingi nzuri hufika mita 10. Kutoka hapo kwenda mbele ni bahati nasibu. Zipo kebo zenye saketi ndani za kusukuma mkondo, nazo huwa na mwelekeo: ncha moja imeandikwa "Source" na huingia kwenye kompyuta, nyingine "Display" na huingia kwenye projekta. Ikipitishwa darini kinyume, fundi atalazimika kufungua dari tena, na wanaolipa ni nyinyi.

Kwa mita 20 au 30, njia ya kuaminika ni jozi ya vifaa vinavyopeleka HDMI ndani ya kebo ya mtandao, ile inayotumika kwa intaneti ofisini. Kimoja hukaa jukwaani, kingine darini. Vinavyofuata mfumo wa HDBaseT hufika hadi mita 100. Kebo hiyo iwe ya shaba tupu, isiwe ya alumini iliyopakwa shaba, na itoke kifaa hadi kifaa bila kupita kwenye swichi ya intaneti. Kebo ya mtandao ina faida nyingine: ikikatwa na panya, fundi yeyote anayefunga intaneti anaweza kuweka kichwa kipya kwa dakika chache. HDMI iliyokatwa na panya ni ya kutupa.

Hata hivyo, kabla ya kununua chochote cha mita 30, ijulikane kwamba laptopu inaweza kuwekwa karibu na projekta, na msemaji akabaki mbele na rimoti ndogo ya kugeuzia kurasa, au akamwomba kijana mmoja aliyeketi hapo abonyeze. Jambo hili halijawahi kumvunjia mtu heshima, na limeokoa bajeti za vikundi vingi.

Kuonyesha bila waya kunavutia, na nyumbani kunafaa. Ukumbini kuna simu 200 zinazogombania hewa ileile, na picha hukwama. Anayependa kutumia njia hiyo awe na kebo mfukoni.

Picha ikikataa kutokea, kuna mambo mawili ya kufanya kabla ya kuhangaika. Bonyeza "Source" au "Input" kwenye projekta hadi ifike kwenye tundu ulilotumia. Kisha, kwa kompyuta ya Windows, shikilia kitufe chenye alama ya Windows na ubonyeze P, uchague "Duplicate", ili kilicho kwenye laptopu kionekane ukutani vilevile. Sauti ikiwa haitoki kwenye spika za ukumbi ilhali picha ipo, huenda HDMI imeipeleka kwenye kijispika cha projekta. Ibadilishwe katika alama ya sauti pale chini.

Mistari ya kijivu inayotambaa juu ya picha, au mvumo kwenye spika, mara nyingi hutokana na projekta na kompyuta kuchomekwa katika soketi mbili za pande tofauti za jengo. Zichomekwe kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ardhi. Wale wanaokata pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye soketi mbovu wanaondoa kinga ya mtu dhidi ya umeme, na hilo ni kubwa kuliko mvumo.

Makarani wafike ukumbini mapema, wawashe, wafungue ukurasa wa jedwali wenye tarakimu nyingi zaidi, kisha watembee hadi benchi la nyuma na kusoma wenyewe mstari mmoja kwa sauti. Ikiwa kuna mzee aliyewahi kufika, asomeshwe yeye, maana macho yake ndiyo kipimo. Asipoweza, jedwali likuzwe au projekta isogezwe, na nakala za karatasi za kurasa hizo zitolewe kabla mkutano haujafunguliwa.

Mkutano ukiisha, kebo isizungushwe kwa nguvu kati ya kiganja na kiwiko kama kamba ya ng'ombe, kwani nyuzi za ndani hukatika karibu na kichwa. Ikunjwe kwa mizunguko mipana, ifungwe kwa kitambaa, na kwenye ncha ibandikwe karatasi yenye urefu wake na jina la ukumbi.